Usiipe kuvu sukari

Muulize Bibi wa Maabara
Maswali ya wasomaji hujibiwa na fundi sanifu mstaafu wa maabara za maji, mkazi wa Mwanga, Kigoma

Barua za mwezi huu nyingi zimetoka upande wetu huu wa ziwa, na nne kati yake zinazunguka jambo lilelile: uchafu, na ukungu unaoota juu yake. Nimeziweka pamoja. La kijana wa Ujiji nimelipa nafasi kubwa kwa sababu wengi mtataka kuuliza alichouliza yeye.

*Shikamoo Bibi. Mimi ni utingo kwenye gari la kunyonya majitaka hapa Ujiji. Nimesikia nchi nyingine wanaotesha ukungu juu ya tope la vyoo, na ukungu huo unatoa vimeng'enya vinavyouzwa ghali. Mimi tope ninalo kila siku. Naweza kuanza nyumbani kwa mtaji mdogo? (Utingo, Ujiji)*

Marahaba, mwanangu. Ulichosikia ni kweli, na nimefurahi swali limetoka kwa mtu anayelijua tope kwa mikono yake. Jambo hili nimelihangaikia mwenyewe miaka minne sasa, bandani nyuma ya nyumba, kwa tope la shimo la shule moja ya bweni ambalo mkuu wa shule aliniruhusu kulichota.

Kuvu, yaani huo ukungu unaousema, haina mdomo wala tumbo. Chakula chake hukilalia. Hutandaza nyuzi juu ya kile inachotaka kula, ikatema vimeng'enya vya kukivunjavunja, kisha ikanyonya kilicholainika. Ng'ombe akila nyasi, umeng'enyaji wote umo tumboni mwake na huwezi kuufikia. Kuvu kazi hiyo huifanya nje, kwa hiyo ukiilowesha kwa maji na kukamua, vimeng'enya hutoka pamoja na maji. Mwaka 1894 Mjapani mmoja aliyekuwa akiishi Marekani, Jokichi Takamine, alipata hataza ya kutengeneza kimeng'enya cha kuvunja wanga kwa njia hiyohiyo, akiotesha kuvu juu ya pumba za ngano. Na katika Vita vya Pili vya Dunia, mahema na nguo za pamba za jeshi la Marekani zilipokuwa zikioza katika Visiwa vya Solomon, walipotafuta mla nguo wakaikuta kuvu ambayo leo inaitwa Trichoderma reesei. Ile iliyowaharibia mahema ndiyo inayotengeneza selulasi nyingi ya viwandani hadi leo, kimeng'enya cha kuvunja nyuzi za mimea.

Sasa tope linaingiaje? Sehemu kubwa ya gharama ya kutengeneza vimeng'enya ni chakula cha kuvu. Maabara hutumia glukosi, peptoni, dondoo la hamira, vitu vya kuagiza mbali na kwa fedha nyingi. Tope la majitaka lina kaboni, lina nitrojeni nyingi, lina fosforasi na madini madogomadogo, na watu wanalipa ili liondolewe. Watafiti wa Québec, Kanada, wamelitumia tope la mitambo ya majitaka kuotesha Trichoderma, na hata bakteria wa kuua viwavi, Bacillus thuringiensis. Malaysia wamejaribu tope la majumbani na pia maji machafu ya viwanda vya mawese. Hapo kwenye mawese sisi wa Kigoma tutege sikio. Nitaparudia chini, kwenye jibu la mama wa Simbo, nawe ulisome.

Chakula hicho lakini kimefungiwa. Tope limejaa bakteria, na protini imo ndani ya seli zao. Seli zisipopasuliwa, kuvu inalala na njaa juu ya chungu kilichojaa. Moto ndio unaozipasua. Ndiyo maana kuchemsha kwa presha kunafanya kazi mbili kwa mkupuo: kunaua vijidudu, na kunaifungua protini.

Ninaposema kuchemsha sisemi sufuria ya kawaida. Hapa kwetu ufukweni tuko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji yetu huchemka kwenye nyuzi 97. Zipo mbegu za bakteria zinazovumilia joto hilo bila kufa. Zinataka nyuzi 121 chini ya presha, dakika 15 ikiwa ni maji mepesi kwenye chupa ndogo. Tope ni zito na moto hauwahi kufika katikati. Mara ya kwanza nililipa dakika 20 tu. Siku ya pili chupa zote nne zilikuwa na povu na harufu ya yai viza, na hapakuwa na uzi hata mmoja wa kuvu. Siku hizi nalipa saa nzima, kwenye chupa za jamu, unene wa vidole viwili, vifuniko vimelegezwa.

Kosa la pili lilinifunza zaidi. Niliona kuvu yangu inaota kinyonge, nikaitia sukari, vijiko vitatu kwa kilo. Ikanawiri. Siku ya nne chupa ilikuwa nyeupe kama pamba na mimi nikawaita majirani waje waone. Nikakamua maji yake, nikayapima: hamna kitu. Chupa ya pembeni, iliyoota kwa shida juu ya tope na maganda ya muhogo, maji yake yalimaliza wanga ndani ya dakika kumi. Nilikaa na zile glasi mbili mpaka giza likaingia. Sababu yake nilifundishwa chuoni na ilikuwa imenitoka: kuvu hutema kimeng'enya inapokihitaji. Ikikuta sukari iko tayari, inazima utengenezaji wa amilasi, ile ya kuvunja wanga, na wa selulasi, maana kuna haja gani ya kuvunja wanga wakati sukari imeshaletwa mlangoni? Kwa hiyo ipe kile unachotaka iwe hodari wa kukivunja. Ukitaka amilasi, changanya tope na maganda ya muhogo. Ukitaka selulasi, weka pumba au makapi ya chikichi. Lipasi inaitwa na mafuta, na protiasi inaitwa na protini, ambayo tope linayo lenyewe. Usiangalie weupe wa kuvu. Pima maji yake.

Kupima ni rahisi. Pika uji mwepesi sana wa unga wa muhogo, uache upoe. Gawa kwenye glasi mbili. Moja tia kijiko cha maji ya kuvu, nyingine tia kijiko cha maji hayohayo yaliyochemshwa. Subiri robo saa, kisha dondoshea zote mbili iodini ya duka la dawa. Kwenye wanga iodini hugeuka bluu karibu na nyeusi. Glasi ya maji yaliyochemshwa ikiwa nyeusi na ile nyingine ikabaki ya kahawia, amilasi unayo. Usiache ile glasi ya pili, na iodini iwe ya mwisho daima, kwa sababu tope lina vitu vingine vinavyoweza kuondoa rangi ya iodini na ukadhani ni kimeng'enya. Protiasi naipima kwa filamu ya zamani ya eksirei. Ule weusi umeshikwa na jelatini, na jelatini ni protini. Tone la maji yenye protiasi likikaa juu yake mahali penye joto, weusi hubanduka ikabaki plastiki angavu. Nilipoliona tundu la kwanza la namna hiyo, dogo kama punje ya mtama, nililipeleka dirishani nikatazama ziwa kupitia kwake.

Tope linalotoka kwenye gari lenu ni maji asilimia 95 na zaidi, hivyo lianikwe kwanza juu ya mchanga. Kisha lichanganywe na pumba hadi ukilifinya kiganjani lichuje tone moja au mawili kati ya vidole. Likichuruzika, hewa haipiti na bakteria watashinda. Likishapita kwenye presha na kupoa ndipo unapanda mbegu ya kuvu. Inapenda joto la nyuzi 28 hadi 30, ambalo mchana wa Kigoma unatupa bure. Siku nne au tano zinatosha. Ukiona vumbi jeusi limejaa juu, kuvu imeshaanza kuzaa na wewe umechelewa. Kilo moja nailowesha kwa lita tatu za maji safi kwa saa moja, naikamua kwa kipande cha kanga, na maji yanayopita ndiyo kimeng'enya kibichi.

Sehemu hii sasa naomba uisome mara mbili. Tope la vyoo lina mayai ya minyoo ambayo hayasikii dawa wala kukauka, na yanaweza kukaa udongoni miaka yakiwa hai. Mwaka 2015 tuliona kipindupindu kilivyowakumba watu Kagunga, wageni na wenyeji, kwa njia ya kinyesi kilichofika kwenye maji. Buti, glavu ndefu, na nguo isiyoingia ndani ya nyumba. Sufuria ya presha ya tope isirudi jikoni kamwe, hata ukiisugua vipi. Baada ya kukamua, makapi yachemshwe tena au yafukiwe. Halafu ile mbegu ya kuvu: usikwangue ukungu wa kwenye mahindi. Aspergillus flavus hukaa hapohapo, nayo ndiyo mama wa sumukuvu iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Kuvu ya kupanda itoke kwenye maabara inayoijua kwa jina; andika barua kwa walimu wa mikrobiolojia, SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) kule Morogoro au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ueleze unachotaka kufanya. Hata kuvu njema ina vumbi. Vaa barakoa, na kama wewe au mtu wa nyumbani aliwahi kuugua kifua kikuu, asikae karibu kabisa, kwa kuwa Aspergillus hupenda kuota kwenye makovu ya mapafu.

Kwa hayo yote, jibu la nyumbani ni hapana, mwanangu. Fanyia pale tope linapomwagwa, kwa ruhusa ya mamlaka ya maji na kwa kufuata Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Nenda na tajiri wa gari lenu mkaombe banda na kitanda kimoja cha mchanga.

Na kuhusu kuuza ghali. Kinachouzwa ghali ni kimeng'enya kilichosafishwa, kikapimwa nguvu yake, kikakaa kwenye baridi hadi kimfikie mnunuzi. Usafishaji ule ndio unaokula fedha, na ni wa mitambo ambayo wewe na mimi hatuna. Maji yako ya kanga yataharibika kwa siku chache. Ushauri wangu, na hili nalisema kwa moyo wote, kimeng'enya kibichi kitumike palepale kilipozaliwa. Kirudishe kwenye tope lenyewe: tope lililopitiwa na kuvu au vimeng'enya vyake huachia maji kwa urahisi zaidi, na likienda kwenye mtambo wa bayogesi huvunjika upesi. Gari lenu linabeba maji kuliko uchafu. Tope likiachia maji kituoni, hesabu ya kazi yenu inabadilika. Lipasi inaweza kumwagwa kwenye mashimo ya mafuta ya hoteli na migahawa mnayoyazibua kila mara. Protiasi inalegeza nywele za ngozi kwa watengenezaji wa ngozi. Chakula, dawa, chakula cha kuku: kimeng'enya cha tope kisiguse huko, hata siku moja.

*Shikamoo Bibi. Nipo kidato cha tatu, Kasulu. Mwalimu amesema vimeng'enya havina uhai, lakini pakiti ya dawa ya choo imeandikwa ina bakteria na vimeng'enya na kwamba "wataamka" ukitia maji. Nani yuko sahihi? (Mwanafunzi, Kasulu)*

Marahaba, mjukuu wangu. Mwalimu wako yuko sahihi. Bakteria ni viumbe, wanaweza kulala na kuamka. Kimeng'enya ni protini tu, kama kisu kilichotolewa alani: hakizai, na kinaendelea kukata hata mwenye kisu akifa. Umeshakiona kikifanya kazi. Bibi yako akifunga nyama ngumu kwa majani ya mpapai, inalainika kwa sababu ya kimeng'enya cha utomvu wa mpapai. Akitia kimea kwenye uji mzito wa togwa, uji unakuwa mwepesi na mtamu kabla haujachacha, na hiyo ni amilasi ya mbegu iliyochipua. Mwombe akuonyeshe jambo moja: akitia kimea uji ukiwa bado unatokota, hauwi mwepesi. Moto umekikunja kisu. Andika hilo kwenye daftari lako, ni jaribio kamili.

*Je, uyoga ulioota juu ya tope la majitaka lililokauka unaliwa? (Msomaji, Gungu)*

Usile. Uyoga una tabia ya kukusanya madini ya sumu kama kadimi na zebaki kutoka pale ulipoota, na kuupika hakuyaondoi. Tope la mjini hupokea maji ya gereji, ya betri, ya kila kitu.

*Habari za kazi, Bibi wa Maabara. Nasindika mawese huku Simbo, msimu ukichanganya napika mapipa mawili kwa wiki. Maji machafu namwaga shimoni. Majirani wanalalamikia harufu, na rundo la makapi limeota ukungu wa rangi ya chungwa. Huo ukungu ni hatari? Na shimo likijaa nimwage wapi? (Mama wa mawese, Simbo)*

Salama, mama mwenzangu, pole na jua. Nianze na ukungu. Rangi ya chungwa inayotokea ghafla juu ya kitu kilichopikwa mara nyingi ni Neurospora. Mbegu zake huamshwa na joto, ndiyo maana unaikuta kwenye magunzi yaliyochomwa, mikate na makapi ya pipa. Indonesia wanaotesha kuvu ya jamii hiyo juu ya mashudu wakapata chakula kiitwacho oncom. Hata hivyo mimi siwezi kuithibitisha kuvu kwa rangi iliyoandikwa kwenye barua, kwa hiyo kuku na nguruwe wasile rundo hilo, na unapoligeuza funika pua.

Shimo lako sasa. Uchafu wa maji tunaupima kwa oksijeni ambayo vijidudu watahitaji ili wauozeshe. Majitaka ya nyumbani huhitaji miligramu 200 hadi 400 kwa lita. Maji ya viwanda vya mawese yaliyopimwa Malaysia huhitaji karibu 25,000. Shimo lako ni dogo, lakini maji ni ya ukoo uleule, na harufu ile ni ya vijidudu waliokosa hewa. Ukiyaelekeza mtoni yatafika ziwani. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 na mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga upande wa Kongo. Maji yake mengi huondoka kwa kuvukizwa na jua, na jua halichukui mafuta. Kilichoingia kimeingia, na dagaa wetu wanakaa humo.

Lakini nakuambia, mama, tope lako wewe ndilo ninalolitaka kuliko la utingo wa Ujiji. Limetoka motoni, halina mayai ya minyoo. Lina uchachu, kati ya 4 na 5 kwa kipimo cha pH, ambao bakteria wengi hawaupendi na kuvu wanaustahimili. Lina mafuta yaliyobaki, yanayoifanya kuvu iteme lipasi bila kubembelezwa. Na makapi ya kulipa nafasi ya hewa unayo hapohapo kwenye rundo. Chupa sita nilizojaza kwa mchanganyiko huo msimu uliopita, nikapanda Aspergillus niger, zote sita ziliota. Kwa tope la shule sijawahi kupata sita kwa sita.

Kwa sasa fanya hivi. Maji ya pipa yasiende shimoni yakiwa ya moto. Yaache usiku kucha kwenye pipa la pili, asubuhi engua mafuta yaliyopanda, utashangaa yanavyotosha sabuni. Tope lililotuama chini lichanganye na makapi hadi lishikane bila kuchuruzika, lilaze tabaka la kiganja kimoja chini ya kivuli, uligeuze kila baada ya siku mbili. Harufu itapungua ndani ya wiki kwa sababu hewa imefika. Likishakuwa jeusi na kunukia udongo, liweke kwenye mashina ya michikichi yako. Maji yaliyobaki juu ndiyo yaende shimoni, na shimo liwe mbali na kisima na mbali na bonde la mto. Wataalamu wa michikichi wa TARI Kihinga, kituo cha utafiti wa kilimo, wako karibu nawe, waonyeshe rundo.

Lipasi tutaijaribu pamoja kwenye shimo lenyewe, kuona kama utando wa mafuta juu yake utavunjika. Ukija mjini kuuza, pita Mwanga uniletee robo lita ya maji ya shimo kwenye chupa safi, isijae hadi mdomoni, maana yanatoa gesi. Niletee na ngumi moja ya makapi ya chungwa kwenye karatasi, usitumie mfuko wa nailoni. Na kama huwa unatia majivu shimoni, chota kabla hujayatia, kwa kuwa majivu yakishaingia, uchachu wa kwanza sitaweza kuupima tena.